Mchinjaji Aliyekataa Tundu

Mimi ni Mnyamwezi, dalali wa ng'ombe kwenye mnada wa Pugu. Mwishehe Twalib ni Mzaramo wa Yombo Vituka, mchinjaji. Kwa wanaojua mambo maneno hayo yanatosha: sisi ni watani. Kwa wasiojua, nieleze. Wazee wetu walianza kutaniana tangu enzi za misafara iliyoshuka pwani kwa miguu, na utani huo unanipa mimi, Kasimiri, haki ya kumsema Mwishehe mbele ya mkewe, kuchukua kofia yake bila kuomba, na siku ya msiba wake kulala ndani ya kaburi nikatae kutoka mpaka nipewe changu. Yeye ana haki hiyo hiyo kwangu. Miaka thelathini na minne tumezitumia haki hizo bila kuoneana huruma.

Mwaka jana siku ya kulala kaburini ilikaribia kweli, na mimi nilikuwa miongoni mwa walioisogeza. Ndiyo maana naandika. Mtu wa kawaida kama Mwishehe haandikwi na mtu, na anayejua habari zake zote, pamoja na zile za aibu, ni mimi.

Alichinja ng'ombe machinjioni kwa miaka mingi, na alipostaafu akabaki na mbuzi wa shughuli: Idi, hitima, na zaidi ya yote akika, yule mbuzi anayechinjwa siku ya saba mtoto akishazaliwa. Mbuzi wa akika ana adabu zake. Mifupa yake haivunjwi. Hukatwa kwenye viungo, ili mtoto akue mzima. Watu walimtaka Mwishehe kwa sababu mkono wake ulijua kila kiungo kilipo bila kupapasa. Nusu ya watoto wa Vituka mbuzi wao walipita mikononi mwake.

Na alikuwa na jambo moja alilojivunia hadi kero. Mbuzi akishachinjwa na kutulia kabisa, Mwishehe alitoboa tundu dogo kwenye mguu wa nyuma, juu kidogo ya kwato, lisilozidi kidole cha mwisho. Aliweka mdomo pale akapuliza. Hewa ilipita baina ya ngozi na nyama, mbuzi akavimba mwili mzima, na baada ya hapo ngozi ilitoka yenyewe, kisu hakigusi nyama. Wengine hutumia pampu ya baiskeli. Yeye aliwacheka. Kisha kifua chake kikaanza kugoma, naye akanunua pampu, na siku nilipomkuta nayo alininunia kutwa nzima.

Kifua peke yake kingekuwa nafuu. Alikuwa na sukari, alikuwa na presha, na moyo ulikuwa umetanuka. Mapafu yaliharibiwa na sigara alizoziacha amechelewa, na moshi wa kuchomea vichwa na makongoro. Umri wake ulikuwa sitini na tisa. Akipanda ngazi tatu za baraza yake alisimama kana kwamba amekumbuka kitu, kumbe anatafuta pumzi.

Juu ya hayo yote akaanza kuona damu chooni. Aliificha miezi minne. Mtu aliyefanya kazi na damu maisha yake yote, damu yake mwenyewe ilimtia haya. Mkewe, Mwanakombo, aligundua anaumwa kwa mkanda wa suruali, alipoona umetobolewa matundu mapya mawili kwa msumari. Akanipigia simu.

"Shemeji, mtani wako anakwisha," alisema. "Njoo unisaidie kumtoa humu ndani."

Tulimpeleka. Akafanyiwa kile kipimo cha kamera ambacho sitakieleza, ingawa yeye angekuwa mimi angekieleza kwa kirefu. Majibu yakatoka: saratani ya utumbo mpana.

Daktari wa upasuaji alikuwa mama mmoja mwembamba wa Kihindi, Daktari Tazim, mzaliwa wa hapa hapa Dar, anazungumza Kiswahili haraka kutuzidi sisi. Pembeni yake alikaa Daktari Daniel, wa usingizi, mtu mkubwa mwenye sauti ya chini.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. Haya, niambie, usinifiche."

Daktari Tazim alichora utumbo kwenye karatasi akaweka nukta upande wa kushoto, chini. "Uvimbe uko hapa. Kwa picha tulizopiga haujasambaa. Lakini unaziba njia, na ukiziba kabisa tutakuwa tumechelewa. Lazima utoke."

"Sasa hapo kuna ishu gani? Nifungue, utoe."

"Napendekeza tusikufungue. Tutoboe matundu madogo manne au matano, tuingize kamera na vyombo virefu, tufanye kazi tukitazama kwenye skrini."

Mwishehe akacheka, kile kicheko chake cha kumstahi mtu aliyekosea. "Mwanangu, mie nimeanza kufungua matumbo wewe hujazaliwa. Nimekuta minyoo kwenye ini la ng'ombe ambaye watu walikuwa wanamgombania mnadani kwa unene. Nje mzima, ndani kaoza. Usipofungua huoni. Utumbo hautolewi kwa tundu."

Na mimi, dalali, ambaye sijawahi kufungua hata kuku, nikatikisa kichwa. "Anasema kweli, daktari."

Daktari Daniel akasogeza kiti. "Mzee, mimi hofu yangu siyo tumbo. Ni kifua chako na moyo. Ukipasuliwa toka hapa mpaka hapa," akaonyesha toka chini ya mbavu hadi chini ya kitovu, "utaamka na maumivu yasiyokuruhusu kuvuta pumzi hadi mwisho. Hutaweza kukohoa. Makohozi yatakaa chini, na kwa kifua hicho ulicho nacho, homa ya mapafu naiogopa kuliko kisu."

"Na hayo matundu?"

"Nayo yana ugumu wake, sitakudanganya. Kazi inachukua muda mrefu zaidi, na moyo utabanwa tukiwa ndani. Zamani wagonjwa wa aina yako tuliogopa kuwafanyia hivyo, tukawafungua tu. Siku hizi tumeona wengi wao wanaamka vizuri zaidi kwa matundu. Na ikishindikana, tunafungua."

"Ikishindikana," Mwishehe akarudia polepole, akavaa kofia yake.

Kwenye korido akaniambia, "Hawa hata wenyewe hawana uhakika." Nikamjibu, "Kweli kabisa." Nikikumbuka jibu hilo natamani kujizaba kofi. Yule daktari alikuwa amemwambia ukweli wote, mbaya na mzuri, na sisi wazee wawili tukauona ukweli huo ni udhaifu.

Akarudi nyumbani akakaa wiki tatu. Dawa za Mwanakombo zikawa uji na dua. Tumbo likaanza kujaa, chakula kigumu akakiacha, uso ukabaki mifupa.

Na ndani ya nyumba ile ile alikuwemo Shamimu, binti yao, aliyekuja kujifungua kwa mama yake kama ilivyo desturi ya mimba ya kwanza. Mimba hiyo ilisubiriwa miaka kumi na moja. Miaka yote hiyo Mwishehe alichinja akika za wajukuu wa watu akirudi nyumbani kimya. Siku aliyoambiwa Shamimu ana mimba aliweka ahadi mbele ya msikiti mzima: akika ya mtoto huyo atachinja mwenyewe, atachuna mwenyewe, na atakata kila kiungo kwa mkono wake. Mimba sasa ilikuwa na miezi saba. Kila mtu mle ndani alikuwa anahesabu, na hakuna aliyethubutu kuhesabu kwa sauti.

Mkewe alisema akachoka. Mkwewe, mume wa Shamimu, hakuweza, heshima ilimfunga mdomo. Shamimu akijaribu analia. Nikajua kazi hiyo ni yangu. Mtani ndiye mtu pekee anayeruhusiwa kusema jambo ambalo nyumba nzima inalizunguka.

Nikaenda sokoni Tandika nikanunua bafta nyeupe, ile ya kushonea sanda. Ijumaa, watu wakiwa wametoka msikitini, nikaingia kwa Mwishehe bila hodi, nikatandika ile nguo chini pembeni ya kitanda chake, nikatoa tepu ya fundi cherehani.

"Nyooka, Mzaramo, nikupime," nikasema. "Nasikia umeamua kufa. Sitaki watu waseme Wanyamwezi wamekuzika miguu nje. Na visu vyangu viko wapi? Nataka nianze kuvinoa kabla ndugu zako hawajafika."

Sikuwa nimemwona Shamimu. Alikuwa amesimama mlangoni na bakuli la uji. Akaiona nguo, akaiona tepu, akapiga ukelele, bakuli likapasuka sakafuni, na yeye akakaa chini ameshika tumbo.

Mwanakombo akatoka jikoni na mwiko. Sikumbuki alinipiga mangapi. Mawili yaliacha alama. "Mimba ya miaka kumi na moja!" alikuwa anasema kwa kila pigo. "Unamletea mwanangu sanda! Mimba ya miaka kumi na moja, wee Kasimiri huna haya!"

Nilistahili. Utani una mipaka, na mtu yeyote wa pwani angekwambia kwamba sanda haipitishwi mbele ya mja mzito. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba yumo ndani. Nilijua kwamba lolote likimpata yule binti nitakuwa nimeua watu watatu kwa mita chache za bafta.

Kisha tukasikia sauti kitandani. Mwishehe alikuwa anacheka. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka machozi, akaendelea kucheka.

"Mama Shamimu, muache," akasema. "Mtani yuko kazini. Shamimu, nyanyuka mwanangu, sijafa. Na we Mnyamwezi, hiyo sanda fupi. Umezoea kuzika ndugu zako wafupi."

Shamimu alipelekwa kwa mkunga, akakutwa salama, mtoto anacheza. Sanda ikachukuliwa na Mwanakombo ikafungiwa sandukuni. Nikabaki na Mwishehe peke yetu, na hapo nikaacha utani.

"Nilikukosea kule hospitali," nikamwambia. "Nilitikisa kichwa kwa jambo nisilolijua. Ukifa, nitakuwa nimekuua mimi kwa kichwa hiki. Nakuomba turudi tukasikilize tena. Nakuomba, Mwishehe."

"Siogopi kisu, Kasimiri. Naogopa kubakizwa. Wakiacha kipande kwenye kona wasiyoiona, nitampakata mjukuu, ataanza kunizoea, halafu nianze tena kufa mbele ya macho yake. Bora nifunguliwe nife siku moja."

Nikamwambia aende akamwambie daktari maneno hayo hayo. Jumatatu tukarudi.

Daktari Tazim alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, akasema, "Mzee, niulize swali lolote. Leo sina haraka."

"Tumbo la mtu limebana. Matumbo yamelaliana. Hata ukiingiza hiyo kamera yako utaona nini zaidi ya giza na nyama imekuganda usoni?"

"Ndiyo maana kwanza tunapuliza."

Mwishehe akainua kichwa. "Mnafanyaje?"

"Tunatoboa tundu dogo hapa karibu na kitovu, tunapuliza hewa maalumu. Ukuta wa tumbo unainuka kama hema, matumbo yanabaki chini. Tunapata nafasi. Kamera ina taa, na inakuza. Kona ambazo kwa jicho ningeziinamia nisizione, kwenye skrini naziona kubwa."

Mwishehe akanigeukia. Sijawahi kuona uso wake vile. "Wanapuliza," akaniambia, kana kwamba sikusikia. Kisha kwa daktari, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia toka siku ile?"

"Siku ile kabla sijafika huko ulishavaa kofia, mzee."

Basi hapo mazungumzo yakabadilika. Hayakuwa tena ya daktari na mgonjwa. Akamuuliza wakishaukata utumbo wanapitia wapi kuutenga na ukuta wa nyuma. Daktari akamwambia kuna utando mwembamba baina ya utumbo na nyama, ukipita humo humo hakuna damu, ukitoka nje ya njia damu inakuambia. "Ndivyo ilivyo ngozi," Mwishehe akasema. "Kisu kikipita pake hakina kazi." Akauliza kipande kinatokea wapi, akaonyeshwa upana wa vidole vinne chini ya kitovu. Akauliza wanaunga na nini. Akaonyeshwa picha ya pini ndogo ndogo za chuma. Akazitazama kwa wivu. Mwisho akauliza lile swali lake.

"Ukiona kwa tundu haiendi?"

"Nafungua palepale. Sing'ang'anii."

"Sawa," akasema Mwishehe. "Mtu wa kisu anayejua kuacha ndiye wa kumwamini. Nipulize."

Daktari Daniel hakukubali haraka hivyo. Alitaka wiki mbili za kukiandaa kifua, na muda ulikuwepo, maana utumbo ulikuwa bado unapitisha uji na supu. Tukakabidhiwa kwa dada wa mazoezi, Asifiwe, msichana wa Mbeya asiyecheka na mtu. Akampa Mwishehe chupa ya maji nusu na mrija. "Vuta pumzi, puliza ndani ya maji, mapovu yatoke mfululizo. Mimi nahesabu. Nataka ishirini."

Mzee aliyekuwa anamvimbisha mbuzi mzima kwa mdomo akapuliza. "Moja, mbili, tatu, nne," akahesabu Asifiwe, na mapovu yakakatika. Mwishehe akatazama ukutani. Nikamsogezea mrija tena.

Akafanya. Barazani, asubuhi, adhuhuri, alasiri, chupa magotini. Alitembea hadi msikitini na kurudi, kisha hadi barabara kubwa na kurudi, mimi nikimfuata na kiti cha plastiki kichwani akichoka akalie. Watu wa Vituka wakatuona vichekesho. Siku ya tano akafika tisa. Siku ya kumi na tatu akafika kumi na tano, akamwambia Asifiwe anahesabu polepole.

Aliingia chumba cha upasuaji Jumanne saa mbili asubuhi. Mwanakombo alikuwa na tasbihi yake, mimi na rozari yangu, tumekaa benchi moja bila kusemeshana, kwa maana alikuwa hajanisamehe. Saa nne ikapita. Saa sita ikapita. Saa saba Mwanakombo akasema, akitazama mbele, "Shemeji, kule ndani pamenyamaza sana." Nikamshika mkono, na hakuutoa.

Saa nane kasoro Daktari Tazim akatoka, alama ya kofia imemkaa kwenye paji la uso. Alitazama benchi letu akakaa nasi, pembeni ya Mwanakombo.

"Moyo ulilalamika mara mbili," akasema. "Kila mara nilishusha hewa tukasubiri. Mara ya pili Daniel aliomba dakika tano, nikampa kumi. Nilikuwa nimeshaomba kisu cha kufungulia."

"Halafu?" Mwanakombo akauliza.

"Halafu moyo ukatulia. Tukapuliza tena, kidogo kidogo. Uvimbe umetoka wote, mama. Kwa matundu."

Nilipiga kelele ya mnadani. Mlinzi akaja kunikemea, Mwanakombo akamwambia aniache, akili zangu siyo nzima.

Kesho yake mchana tuliruhusiwa kumwona. Nilijiandaa kumkuta amelala chali na mabomba kila upande. Bomba lilikuwepo, la puani, lakini Mwishehe alikuwa amekaa kwenye kiti. Amekaa! Alikohoa mbele yetu, kikohozi kizito cha kutoka chini, akiwa ameukumbatia mto tumboni, akatema kwenye karatasi kama mtu mwenye haki zake.

"Mnyamwezi," akasema, "chupa yangu iko wapi?"

Siku ya pili alitembea wodi nzima. Siku ya tatu akatoa hewa kwa njia yake ya kawaida, na manesi wakashangilia kuliko sisi, kwa sababu ndiyo dalili kwamba utumbo umeanza kazi. Siku ya sita alikuwa Vituka.

Sasa desturi zetu mnazijua. Mtu akitoka hospitali lazima ajuliwe hali, na akiwa amepasuliwa lazima aonyeshe. Majirani wakaja kwa mafungu, wakaketi, wakala tende, wakasubiri. Mwishehe akapandisha shati. Vitobo vinne na mstari mmoja mfupi. Walitazamana. Wengine nadhani waliona wamepoteza safari.

"Mzee, mbona ndiyo hii tu?" akasema Salumu, muuza mkaa. "Hawa watakuwa wamekuchungulia tu."

"Salumu," Mwishehe akamjibu, "mbuzi wako wa Idi nimemchuna kwa tundu la mguuni miaka ishirini. Uliwahi kula ngozi?"

Lakini mimi nilijua kwamba swali la Salumu lilikuwa lake pia. Aliendelea kuwa nalo kimya mpaka majibu ya maabara yalipotoka. Tulikwenda wote watatu. Daktari Tazim aliisoma karatasi kwanza kwa macho, kisha kwa sauti. Kingo za kipande walichokata zilikuwa safi pande zote. Tezi zilizotolewa pamoja nacho zilikaguliwa moja moja, na zote zilikuwa safi. Dawa za saratani za drip hatahitaji. Atarudi kupimwa kila baada ya miezi michache.

"Kwa hiyo hakuna kilichobaki?"

"Hakuna tulichokiona, mzee. Na tulitafuta."

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi na wakaguzi wa nyama. Alijua kwamba mkaguzi mkweli haendi mbali zaidi ya hapo. Akasema alhamdulillahi, akaweka kofia usoni, na mabega yake yakatikisika. Nami nililia, sioni haya kulisema.

Shamimu alijifungua wiki mbili baadaye, mtoto wa kiume, akaitwa Twaha. Wa kiume ana mbuzi wawili. Niliwaleta mwenyewe toka mnadani, mabeberu weusi walionenepa, na Mwishehe alipowaona akauliza kama kwetu Tabora hawa ndio huitwa mbuzi au nimemletea paka.

Siku ya saba ilikuwa Jumamosi. Uwanja ulijaa tangu asubuhi. Shamimu alikaa barazani na mtoto aliyekwisha kunyolewa nywele, na alipoitikia salamu yangu nikajua nimesamehewa. Daktari Tazim naye alikuja, na mtandio wa kijani, amealikwa na Mwishehe kwa simu mara tatu. Desturi ni kwamba mguu wa mbuzi wa akika hupewa mkunga aliyemzalisha mtoto. Mwishehe alitangaza mbele ya watu wote kwamba mbuzi ni wawili, miguu ipo, na mguu wa pili ni wa huyu mama aliyemzalisha yeye.

Kisha akatoka ndani na visu vyake, na nikaona alichovaa. Aproni nyeupe mpya, ndefu hadi magotini, imepindwa vizuri pembeni. Bafta. Nilimtazama Mwanakombo, naye akatazama mbinguni.

"Kwa sanda ilikuwa fupi," Mwishehe akasema. "Kwa aproni imetosha."

Alisoma nia, akataja jina la mtoto, akachinja. Mkono mmoja, mara moja, wa kwanza kisha wa pili. Tukasubiri watulie kabisa. Akapiga goti polepole pembeni ya yule mkubwa, akatoboa tundu dogo juu ya kwato. Mkwewe akamletea pampu ya baiskeli. Mwishehe akaisukuma pembeni.

"Baba, kifua," Shamimu akasema barazani.

Hakumjibu. Alimwita daktari. "Mwanangu, sogea. Uje uone kazi yenu ilikotoka."

Daktari Tazim akachuchumaa karibu naye, amekunja mtandio usiguse damu. Mwishehe akavuta pumzi, na kifua kile nilichokijua kikipiga filimbi kikajaa kimya. Akaweka mdomo, akapuliza. Sijui nani alianza kuhesabu. Nadhani ni mimi. "Moja, mbili, tatu." Kwenye nne nikakumbuka chupa ya Asifiwe. Tano ikapita. Ngozi ya mguu ikanyanyuka, kisha ya paja. Watu wakadaka hesabu, wanawake barazani wakaidaka, hata Salumu. Kumi na mbili, tumbo la mbuzi likapanda. Kumi na nane, shingo. Ishirini, na vigelegele vikaanza, na yeye bado anapuliza, macho yameelekea barazani aliko mjukuu wake. Niliita hadi ishirini na tatu, nikashindwa kuendelea kwa sababu nilikuwa nalia tena.

Mwishehe akabana tundu kwa kidole gumba, akainua kichwa. Hakuwa akihema.

"Umehesabu vibaya, Mnyamwezi," akasema. "Ishirini na nne. Haya, shika mguu tuchune."